KIGAMBONI: NILIVYOKUNYWA BAHARI, NIKAPANDA BAISKELI!

WATU wa Dar tuna vituko. Tumezaliwa tunasikia honi za meli, samaki wa Feri tunamla kila wiki, Jumapili tunajazana Coco Beach mpaka mchanga unaomba poo. Lakini mwambie mtu aingie majini yamfike shingoni, ataanza kukwambia ana mafua. Mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti wa chama hicho.

Kwetu Temeke bahari ilikuwa mwiko. Mjomba wangu, mdogo wake mama, alitoka na ngalawa kabla sijazaliwa, hakurudi, na mwili haukuonekana. Toka hapo mama akaweka sheria: maji ya kuoga yapo kwenye ndoo. Hata akipanda pantoni pale Magogoni kwenda kumsalimia shangazi, mama husimama katikati kabisa ya watu na bajaji, macho chini, mpaka asikie lile lango la chuma linagusa upande wa pili. Na safari yenyewe ni dakika chache tu!

Sasa siku moja mshkaji wangu wa kazini akaja na karatasi. Triathloni ya wanaoanza, kule Mjimwema. Unaogelea mita 750, unaendesha baiskeli kilomita 20, unakimbia kilomita 5, vyote kwa mpigo, na saa haisimami hata wakati unavaa viatu. Nikacheka sana. Jioni nikajiandikisha. Ukiniuliza kwa nini, mpaka leo sina jibu la maana. Nilikuwa na miaka 29 na sijawahi kuvua shati ufukweni.

Mchezo wenyewe si wa zamani sana. Jamaa wa San Diego, Marekani, waliucheza mwaka 1974. Februari 1978 wakatokea vichaa 15 kule Hawaii, wakaogelea karibu kilomita nne, wakaendesha baiskeli kilomita 180, halafu wakamalizia na marathoni nzima! Walifika 12, na wa kwanza, Gordon Haller, alitumia saa 11 na dakika 46. Olimpiki uliingia Sydney, mwaka 2000. Sisi Wabongo kwenye kukimbia hatuna wasiwasi: Filbert Bayi alivunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, na Alphonce Simbu akabeba dhahabu ya marathoni ya dunia kule Tokyo mwaka 2025. Baiskeli nayo, nani hakuwahi kuiba ya baba yake akajifunzia? Ngoma ipo kwenye maji. Na wameyaweka mwanzo makusudi, maana bora uingie baharini ukiwa na nguvu kuliko miguu ikubane ukiwa kwenye kina.

Mwalimu wangu alikuwa dogo wa miaka 15, mtoto wa mvuvi wa hapo hapo Mjimwema. Bei yake shilingi elfu tatu kwa somo, na chipsi mayai. Siku ya kwanza nilipiga maji kama nafukuza nyuki. Dogo akaniangalia weee, kisha akasema, "Kaka, unagombana na maji. Lala kama uko kitandani kwako." Basi wiki mbili nzima kazi yangu ikawa kulala. Chali, masikio ndani, kitambi juu, watoto wa shule wamesimama ufukweni wananihesabia.

Somo la pili lilikuwa pumzi. Msomaji, kama wewe ni mwenzangu, shika hili: hewa unaitoa uso ukiwa ndani ya maji, polepole, ili ukigeuza kichwa kazi yako iwe kuvuta tu. Mie nilitaka kutoa na kuvuta yote mawili juu kwa sekunde moja, ndiyo maana nikawa nakunywa Bahari ya Hindi kama uji. Somo la tatu, inua macho kila baada ya mikono kadhaa uone unakokwenda, kwa sababu bahari haina mstari chini kama bwawa la hotelini.

Halafu kuna kuyasoma maji yenyewe. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, bahari inakupwa mpaka unadhani imeuzwa. Mitumbwi inalala ubavu, akina mama wanatembea kule mbali wakiokota vya kuokota. Baada ya kama saa sita imerudi yote, na riba juu. Hapo katikati, maji yakiwa mbioni, dogo hakuniruhusu hata kulowesha goti. "Subiri yatulie, kaka." Tulisubiri. Miezi minne ikapita hivyo, na nyumbani nilikuwa naaga kwamba naenda kwa shangazi. Si uongo mtupu. Nilikuwa nabadilishia nguo kwake.

Siku ikafika. Jumamosi alfajiri, bahari imejaa pomoni. Nikaandikwa namba mkononi kwa kalamu, nikapewa kofia ya mpira iliyonivuta nyusi mpaka nikafanana na mtu aliyeshtuka. Majini waandaaji walikuwa wameweka maboya mawili ya rangi ya chungwa. La tatu nilikuwa mimi.

Filimbi ikalia. Kha! Hakuna aliyeniambia kuhusu mateke. Mtu akanipiga kisigino cha miwani, miwani ikajaa maji, nikafungua mdomo, mdomo nao ukajaa. Nikatafuta chini kwa miguu. Hakuna chini. Na hapo, wenzangu, sikuwaza medali wala saa. Nilimuwaza mjomba, ambaye hata picha yake sijawahi kuiona. Nilijiuliza kama na yeye alitafuta chini.

Nikageuka chali. Masikio ndani, kitambi juu. Mbingu ya Kigamboni ilikuwa na wingu moja tu, nikalikodolea macho. Mtumbwi wa waokoaji ukanisogelea, nikaushika. Sheria inaruhusu, mradi usikusogeze mbele. "Unatoka?" mwokoaji akauliza. Nikamwambia, "Bado nalala kidogo." Akacheka. Kisha nikaendelea mdogo mdogo, boya la kwanza, boya la pili, mpaka mkono ukagusa mchanga. Nyuma yangu alibaki mtu mmoja.

Baiskeli sina mengi ya kusema. Niliikamata kabla sijafunga helmeti nikapigiwa kelele na msimamizi, maana helmeti inafungwa kwanza ndipo uiguse. Soksi kwenye miguu yenye maji na mchanga ni adhabu. Barabara ya kuelekea Gezaulole ina upepo unaokusukuma ukienda, ukirudi unakudai. Bodaboda mmoja akaniendesha sambamba akaniuliza kama nimeibiwa.

Kukimbia ndiko kulikonishangaza. Nilishuka baiskeli nikijua sasa ni kwangu, kumbe miguu si yangu! Misuli imezungusha pedali karibu saa nzima, unaiambia ghafla ipige hatua, inakuuliza wewe nani. Kilomita ya kwanza nilikimbia kama bata. Waliozoea hufanya mazoezi ya baiskeli na kukimbia siku moja, mfululizo, ili miguu ijue. Mimi nilikuwa nafanya kila moja kwa siku yake. Jua nalo limeshapanda.

Nilimaliza kwa saa mbili kasoro dakika moja. Watoto wananishangilia, dogo anapiga mluzi, na pembeni ya mti nikamwona mama. Mdogo wangu, mwenye mdomo kama redio, alikuwa ameshatoboa siri.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Akavua mtandio, akanifuta chumvi usoni, masikioni, nyuma ya shingo, kwa nguvu, kama nina miaka mitano. Medali hakuiangalia. Wala hakunigombeza, nami hilo liliniogopesha kuliko maji.

Hakusema neno mpaka kwenye pantoni. Nikaenda kusimama katikati kama kawaida yetu, nageuka, hayupo. Namwona kule ubavuni, mkono mmoja umeshika chuma, anaangalia chini kwenye maji. Nikamfuata, nikasimama kando yake. Tulikuwa tumeshafika katikati ya mlango wa bandari aliponiuliza.

"Huyo mtoto aliyekufundisha, anachukua shilingi ngapi?"

"Elfu tatu, mama. Na chipsi mayai."