Kilwa ya Ziwa Moero na Vijana Waliotoka Nyumba za Malezi

Mtu akitoka Lubumbashi kuelekea kaskazini-mashariki, hufika kwanza Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula. Akizidi kwenda kaskazini hulikuta ziwa Moero, na upande wake wa magharibi ndipo ulipo mji wa Kilwa, yapata kilometa 350 kutoka Lubumbashi. Msomaji asiuchanganye na Kilwa ya pwani ya Tanzania. Ng'ambo ya maji ni Zambia. Na hata kisiwa kiitwacho Kilwa, kilichomo ziwani, ni cha Zambia.

Huu ni mji wa wavuvi. Samaki hukaushwa au hutiwa chumvi, kisha hupakiwa katika malori kupelekwa mijini. Kanisa nalo lina mizizi hapa: Prefektura ya Kitume ya Ziwa Moero iliundwa mwaka 1948, ikawa jimbo la Kilwa mwaka 1962, na tangu 1977 jimbo hilo huitwa Kilwa-Kasenga.

Lakini Kilwa imeonja pia machozi. Mwezi wa Oktoba 2004 kikundi kidogo cha waasi kiliuteka mji. Jeshi la serikali lilipourudisha, watu zaidi ya 70 waliuawa. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule leo ni mtu mzima. Ikiwa alibaki bila wazazi, ni nani aliyemlea?

Kwa desturi ya makabila mengi ya Luapula, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ndiye ampaye mahali pa kukaa. Hata hivyo vita na umaskini hutawanya koo. Hapo yatima hupokewa katika nyumba ya malezi, au hufuata barabara hadi mjini, akawa yule ambaye watu humwita shege. Mjini Lubumbashi Wasalesiani wa Don Bosco, waliofika huko mwaka 1911, wana nyumba za kuwapokea watoto wa namna hii, zenye jina la Mwenye Heri Isidore Bakanja. Huwapa chakula na masomo, huwafundisha kazi, na huwatafutia jamaa zao wapate kurudi nyumbani. Ni kazi njema, wala hakuna wa kuidharau.

Basi, taabu iko wapi? Iko mlangoni, siku ya kutoka. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 humlinda mtoto mpaka atimize miaka 18. Siku ile ikipita, nyumba huwa na wadogo wengine wanaongoja kitanda chake. Naye kijana aliyekua kwa kufuata kengele hajui bei ya unga, maana yeye aliuona ukiwa bukari sahanini. Akirudi ziwani, hajui kutengeneza wavu, wala hana mtu wa kumpa nafasi katika mtumbwi. Akiulizwa cheti cha kuzaliwa, hana. Akiulizwa ukoo, hunyamaza.

Mambo haya, nani ayajuaye kuliko yeye aliyeyapitia? Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Walezi wamekitandika kitanda kwa upendo. Aliyekilalia ndiye aonyeshe panapouma.

Mfano mzuri tunao katika Afrika yetu. Nchini Kenya, mwaka 2009, vijana waliokulia katika nyumba za watoto waliunda chama chao, Kenya Society of Care Leavers. Hawakuungana ili kuwatukana waliowalea. Walitaka kusaidiana, na kuwaeleza wakubwa yale waliyoyaona. Mwaka 2022 serikali ilipotoa mpango wake wa miaka 10 wa kuwawezesha watoto kulelewa katika jamaa badala ya nyumba kubwa, sauti ya vijana hao ilikuwa imekwisha kusikiwa.

Wako watakaosema: «Kijana aliyekula chakula chetu, atatufundisha nini?» Na wajue kwamba Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia wamonaki katika karne ya 6, aliagiza abati akiwa na shauri kubwa awaite ndugu wote, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora. Kama monasteri haikuona aibu kumwuliza mdogo wake, parokia itaona aibu gani?

Tena jambo lenyewe si la gharama. Katika kila parokia ya ukingo wa ziwa, halmashauri yaweza kuwaita vijana wawili au watatu waliotoka katika malezi, wakae pamoja na padri, masista na wazee. Waulizwe: Ulipotoka, ulikosa nini? Nani alikufungulia mlango? Wakisema cheti, cheti kitafutwe mtoto angali mdogo. Wakisema ukoo, mjomba atafutwe mapema, na mtoto apelekwe kwake wakati wa likizo, ajifunze wavu na shamba. Wakisema upweke, jumuiya ya Kikristo impe kila kijana jamaa moja ya kumpokea siku za sikukuu na siku za ugonjwa. Na baada ya mwaka waitwe tena, waseme kama neno lao limetendwa. Maana kumwuliza mtu kisha kulitupa jibu lake ni kumfanya yatima mara ya pili.

Wazazi Wakristo, nanyi wanafunzi mnaokaa dawati moja na watoto hawa: yatima wa Kilwa si mzigo wa masista peke yao. Kesho atakuwa baba au mama katika mji huu. Tumsikilize leo, ili wadogo wanaomfuata waikute njia imekwisha kulimwa.