Gurudumu la Mjukuu Wangu

Wako watakaoona ajabu kwamba mzee aliyetumia umri wake kuandaa walimu wa shule za msingi ameketi kuandika juu ya chombo ambacho wengi katika nchi yetu hawajapata kukiona. Sababu ninayo. Chombo chenyewe ni gurudumu moja nene, lililofunikwa kwa kasha gumu, lenye vikanyagio viwili vinavyotokeza ubavuni, kimoja kushoto na kimoja kulia. Ndani ya kasha mna betri na bodi ya umeme, na mota imefichwa katika kitovu cha gurudumu. Hakina usukani wala breka ya mkono. Mtu husimama juu yake akitazama mbele, gurudumu likiwa katikati ya miguu yake. Akiinama mbele kidogo kinakwenda, akiegemea nyuma kinapunguza mwendo hata kusimama. Mjukuu wangu anacho. Kilimvunja mtulinga.

Mwaka 2023 nilikaa miezi mitatu Coventry, Uingereza, kwa binti yangu ambaye ni muuguzi huko. Mwanawe, kijana wa miaka 23, fundi wa viyoyozi, alikuwa na siku tisa tangu aanguke nilipofika. Alinipokea kiwanja cha ndege mkono ukiwa umefungwa kitambaa na kuning'inizwa shingoni, akaniamkia, akataka kunibebea begi kwa mkono uliobaki. Mama yake alinyamaza njia nzima. Nikatambua kwamba nyumbani kuna shauri, na mimi ndiye niliyesubiriwa kuliamua.

Shauri lilikuwa hili. Kijana alitaka kuliuza gurudumu lililomwangusha na kununua jingine, jipya na lenye nguvu zaidi, na fedha zilizopungua akopeshwe na mama yake. Mama hakutaka hata kulisikia neno lenyewe. Kila mmoja alinijia faraghani, mmoja jikoni na mwingine bustanini, akitaka nimsemee kwa mwenzake. Niliwaambia kwamba siwezi kusema lolote juu ya chombo nisichokielewa, na nikamtaka kijana anifundishe.

Alikuwa amepata ajali katika uwanja wa kiwanda kilichofungwa, ambako mwenye eneo aliwaruhusu vijana waendeshe. Barabarani hairuhusiwi bila usajili na bima, mambo ambayo chombo hiki hakiwezi kuyapata, na kwenye njia ya waendao kwa miguu inakatazwa na sheria ya barabara kuu ya mwaka 1835, iliyotungwa wakati hata baiskeli ya kukanyaga haijaenea. Alikuwa katika mwendo wa kilomita 40 hivi kwa saa, betri imebaki robo, upepo unampiga usoni. Gurudumu lilitoa mlio wa onyo mara moja, kisha likaacha kumbeba.

"Haikuwa kama kuteleza, Babu," aliniambia. "Ilikuwa kama kukanyaga ngazi ya mwisho gizani, kumbe ngazi ziliisha zamani."

Alipomwandikia muuzaji, alijibiwa kwamba chombo ni kizima na kwamba yeye ndiye aliyekielemea kupita kiasi. Na kweli, kesho yake kiliwaka bila tatizo. Jibu hilo lilinikera kuliko ajali yenyewe. Nilipokuwa mkuu wa chuo, mwalimu mwanafunzi akirudi kutoka mazoezi ya kufundisha na kuniambia kwamba darasa zima ni wazito, nilimuuliza kwanza alifundisha nini na kwa namna gani. Mtumiaji mmoja akikosea, huenda ni kosa lake. Lakini chombo ambacho kosa lake la kawaida linajulikana na kila mwenye nacho, hata limepewa jina, hicho kina la kujibu.

Basi nikaanza kusoma. Nilipata kufundisha mbinu za somo la sayansi, na nilifurahi kuona kwamba jambo lenyewe laweza kuelezwa kwa fimbo. Watoto wote wa kijijini kwetu waliwahi kusimamisha fimbo wima kwenye kiganja. Fimbo ikiinama mbele, unaukimbiza mkono mbele ili kiganja kirudi chini ya uzito. Hivyo ndivyo gurudumu linavyofanya: vihisi hupima limeinama kiasi gani, na mota hulikimbiza chini ya mwendeshaji anayeanguka. Maana hasa anaanguka. Safari nzima ni kuanguka kunakozuiliwa kila sehemu ndogo ya sekunde. Huo ni mizani ya mbele na nyuma tu. Ya kushoto na kulia mwendeshaji hujitafutia mwenyewe, kama kwenye baiskeli.

Sasa jiulize, msomaji: je, mkono ukiwa tayari unakimbia kwa kasi yake yote, na fimbo ikazidi kuinama? Hakuna mkono wa ziada. Fimbo itaanguka, na itaanguka upande ule ule uliokuwa ukikimbilia.

Mota ya umeme ina tabia moja ambayo wauzaji hawapendi kuitaja. Inapozunguka, yenyewe huzalisha volti inayopingana na ya betri. Kadiri inavyozunguka kwa kasi ndivyo upinzani huo unavyokua, na ndivyo nguvu ya kusukuma inavyopungua, mpaka ufike mwendo ambao haibaki nguvu yoyote. Katika gari au pikipiki hilo halidhuru: chombo hukataa tu kuongeza mwendo. Katika gurudumu moja, nguvu iliyobaki ndiyo inayokusimamisha. Tena volti ya betri hushuka kadiri chaji inavyotumika, kwa hiyo mwendo uliokuwa salama asubuhi hauwi salama jioni, na upepo wa usoni, mlima, shimo au uzito wa mtu hula sehemu ile ile ya nguvu. Mjukuu wangu hakuwa na jambo moja lililomwangusha. Alikuwa na mambo madogo matatu, na yote yalichota katika kisima kimoja.

Mimi naiita hiyo akiba. Na nikishaiita hivyo, naona kwamba ugomvi wote wa watengenezaji wa vyombo hivi ni ugomvi juu ya akiba: aibakize nani, na aiuze nani kwa jina la mwendo.

Magurudumu ya mwanzo yalikuwa ya polepole. Solowheel ya Shane Chen, iliyotoka Marekani mwaka 2011, ilikwenda kama kilomita 16 kwa saa, na ilikuwa nyepesi kiasi cha kubebwa mkononi. Kisha viwanda vya China vikaingia kwa wingi. Katika mengi ya yale ya bei nafuu, betri iliwekewa kinga ya kawaida kama ya vyombo vingine: ikitolewa umeme mwingi kupita kiasi, ikate. Hata mtu akianza kuteremka mlima betri ikiwa imejaa, umeme unaorudishwa na mota inapopunguza mwendo ungeweza kuizidisha chaji na kuifanya ikate. Betri ilisalimika, na mwenye betri akapigwa chini. Sidhani kama nimewahi kuona mfano bora wa kanuni njema iliyohamishwa mahali pasipo pake bila kufikiriwa. Nyingine zilikufa kwa kuungua transista za kwenye bodi, ambazo hazitoi onyo lolote. Na baadaye, betri zilipokuwa kubwa, kukawa na moto.

Wala watengenezaji wa magurudumu hawakuwa wa kwanza kukutana na jambo hili. Segway, ile ya magurudumu mawili sambamba yenye mpini, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2001, iliitwa irudishwe kurekebishwa mwezi Septemba 2003, vyombo kama 6,000, kwa sababu betri ikikaribia kwisha iliweza kukosa nguvu ya kumsimamisha mtu. Hao walikuwa peke yao sokoni, na walikuwa na muda wa kusimama na kurekebisha. Mwaka 2015 kampuni hiyo ilinunuliwa na Ninebot ya China, ambayo mwaka mmoja kabla Segway ilikuwa imeishtaki kwa madai ya kuiba ubunifu wake. Na mwaka 2020 utengenezaji wa Segway ile ya awali ukakoma.

Mwaka huo huo wa 2020 ndipo mbio zilipochacha katika gurudumu moja. Inmotion na KingSong zilitoa magurudumu yenye springi za kupunguza mtikisiko, V11 na S18. Gotway, ambayo siku hizi inaitwa Begode, ilikwisha kujijengea sifa ya mwendo. Ndipo likatokea gurudumu la Veteran liitwalo Sherman, lenye uzito wa kilo 35, la volti 100, na betri ya wati-saa 3,200, likipita kilomita 70 kwa saa. Wengine wakajibu kwa volti 126, 134, 151, 168. Leo yapo yanayotangazwa kupita kilomita 100 kwa saa. Mtu amesimama wima, hana cha kushika.

Haki itendeke: volti kubwa si ubaya. Gurudumu la volti 168 likiendeshwa kwa kilomita 40 lina akiba kubwa kuliko lile la mjukuu wangu, na hapo kijana alikuwa na hoja. Watengenezaji pia wamejifunza. Kinga za betri zimebadilishwa zisimkatie mtu umeme, bodi zimeimarishwa, na magurudumu mengi huinua ncha za vikanyagio ili kumsukuma nyuma mwendeshaji anayekaribia kikomo. Lakini msukumo huo na milio hiyo huweza kusogezwa mbele au kuzimwa na mwenye chombo, na wako wengi wanaofanya hivyo. Mjukuu wangu alikiri mbele yangu, kwa sauti ndogo, kwamba onyo lake alikuwa amelisogeza. Ufaransa ilipotunga kanuni zake mwaka 2019 iliweka kikomo cha kilomita 25 kwa saa. Vijana huicheka. Mimi naona kwamba, kwa kujua au kutojua, kanuni hiyo inamlazimisha mtu kutembea na akiba mfukoni.

Wiki ya sita, mkono ulipoanza kupona, tulikwenda pamoja Makumbusho ya Usafiri ya Coventry. Mji ule ulikuwa kitovu cha baiskeli za Uingereza. Humo nilizitazama zile baiskeli za miaka ya 1870 zenye gurudumu la mbele kubwa kama meza ya duara iliyosimamishwa na la nyuma dogo kama sahani. Zamani nilidhani ni mzaha wa mafundi. Si mzaha. Pedali zilifungwa moja kwa moja kwenye gurudumu la mbele, bila mnyororo, hivyo gurudumu likiwa kubwa ndivyo mzunguko mmoja wa miguu ulivyokupeleka mbali zaidi. Watengenezaji wakashindana kulikuza mpaka urefu wa mguu wa binadamu ukawazuia. Mpandaji alikaa juu kabisa, na jiwe dogo lilitosha kumtupa kichwa chini.

James Starley, bingwa wa baiskeli hizo ndefu, ana mnara wake wa kumbukumbu mjini humo. Aliyezimaliza ni mtoto wa ndugu yake, John Kemp Starley, mwaka 1885, kwa baiskeli iitwayo Rover: magurudumu mawili yanayokaribiana ukubwa, na mnyororo. Kwa mnyororo, mwendo haukuhitaji tena gurudumu refu, na mtu akakaa chini, mahali ambapo mguu unafika ardhini. Baiskeli nilizopanda mimi kwenda kukagua walimu wanafunzi vijijini ni wajukuu wa Rover.

"Kwa hiyo na hili litapata Rover yake," akasema mjukuu wangu.

Nilimwambia sioni njia. Rover ya gurudumu moja ni kuongeza gurudumu la pili, na vyombo hivyo vipo tayari, vyenye mpini na vya bei nafuu, naye havitaki. Anachokipenda ni kile kile kinachomwangusha. Alifikiri, akacheka, akasema ni kweli.

Mama yake hakuridhika na makumbusho, na nilimwelewa. Yeye huwapokea wodini wanaovunjika. Nilichowapa wote wawili ni mtihani wa maswali matatu kwa yeyote atakayetaka kumuuzia kijana gurudumu jipya. La kwanza: kwa mtu wa kilo 82, kwa mwendo wa kilomita 40, betri ikiwa robo, ni sehemu gani ya nguvu ya mota inayobaki? La pili: bodi ikiungua, gurudumu linafanya nini katika sekunde ile? La tatu: onyo likizimwa na mwenye chombo, je, upo mwendo ambao gurudumu lenyewe halitakubali kuupita? Tulikubaliana kwamba mkopo utatoka siku majibu yatakapoletwa kwa maandishi.

Aliandika kwa wauzaji wanne kabla sijaondoka. Wote walijibu upesi. Walitaja mwendo wa juu kabisa, umbali wa safari kwa chaji moja, rangi zilizopo, na punguzo la bei litakaloisha Jumapili. Mmoja alijibu swali la tatu, tena vizuri. Swali la kwanza halijapata jibu hadi ninapoandika haya, na fedha bado ziko kwa mama yake. Kijana huenda kazini kwa baiskeli.