Mbao Inataka Hewa

Useremala nilijifunzia Mazimbu, Morogoro, wakati wapigania uhuru wa Afrika Kusini wakiishi pale. Lilikuwa shamba la mkonge lililokwisha kuachwa. Serikali yetu iliwapa ANC, chama cha wapigania uhuru hao, mwaka 1977, nao wakajenga shule na kuipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa Pretoria Aprili 1979. Vijana wengi wa Morogoro tulipata kibarua pale, na kibarua changu cha mwanzo kilikuwa kupanga mbao. Safu moja, juu yake vibanzi vya kutenganisha, kisha safu nyingine, mpaka rundo lifike kifuani. Msimamizi wetu, mzee asiyependa maneno mengi, alipita jioni akiingiza mkono kati ya safu. Mkono ukikwama, rundo zima linapanguliwa na kupangwa upya. Kwa muda mrefu sikuruhusiwa kugusa randa. Nashukuru, maana karibu kila kitu nilichokifanya baadaye kimetoka kwenye lile rundo.

Mwaka 1992 Mazimbu ilikabidhiwa kwa Serikali, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Mimi nikahamia Kihonda, hapa hapa mjini Morogoro, nikafungua kibanda changu. Nilitengeneza kile anachotengeneza kila fundi wa huku: vitanda, makabati, fremu za milango, na majeneza pale jirani anapofiwa.

Halafu akaja mwalimu wa dansi. Alikuwa binti aliyesomea Bagamoyo, kwenye kile chuo cha sanaa kilichoanzishwa 1981, na alikuwa anawafundisha watoto wa mtaani kwetu ngoma za asili pamoja na baleti.

“Shikamoo, fundi.”

“Marahaba, mwanangu. Karibu.”

“Nataka reli za watoto kujishikilia, lakini zisiwe za ukutani. Ukumbi tunakodi. Sisi tukitoka saa kumi, saa kumi na mbili kuna sendofu, na wenyewe wanataka ukumbi mtupu.”

Nilikuwa sijawahi kuziona. Akanionyesha picha kwenye simu, kisha akashika ukingo wa meza yangu ya kazi na kunionyesha kwa mwili wake. Somo la baleti huanzia kwenye reli. Mtoto huweka mkono juu yake bila kuikaba, hukunja magoti polepole, huinuka, hutelezesha mguu mbele mpaka ncha ya kidole tu ndiyo inayogusa sakafu. Reli haimbebi, inamsaidia kujua kama amesimama wima. Kwenye shule kubwa za Ulaya hufungwa ukutani mbele ya vioo na haziondoki. Kwa wenzetu wa Kibera, Nairobi, watoto walijifunza kwenye madarasa ya shule za msingi, madawati yakisukumwa pembeni. Na Joel Kioko, kijana aliyekulia Kuwinda, mtaa mwingine wa mabanda wa Nairobi, alifika hadi shule ya English National Ballet, London. Mwalimu alinisimulia hayo akiwa ameshika meza yangu, na nilikubali kazi kabla hatujataja bei.

Nilichagua mtiki. Morogoro tumebahatika, kwa sababu mashamba ya mitiki ya Mtibwa yako mkoani kwetu, na mtiki una mafuta yake ya asili yanayowachosha mchwa na kuifanya mbao isicheze sana msimu ukibadilika. Mbao zetu huuzwa futi 12, hivyo ukikata katikati unapata reli mbili za futi sita, na futi sita zinawatosha watoto watatu bila kupigana mateke. Nilizikereza ziwe duara la sentimita nne na nusu, unene ambao kiganja cha mtoto kinauzunguka vizuri. Kila stendi ina reli mbili, ya juu sentimita 105 na ya chini sentimita 80, kwa sababu darasani kuna wa miaka kumi na nne na kuna wa miaka sita.

Vanishi sikupaka, na mpaka leo sipaki. Januari na Februari joto la Kihonda huifanya vanishi inate, na mkono wa mtoto unapoganda kwenye reli, bega linapanda na mwalimu anaanza kugomba. Msasa namba 240, kisha kitambaa kikavu, basi. Jasho lenyewe la watoto huing’arisha mbao. Baada ya darasa tunafuta kwa kitambaa kilichokamuliwa sawasawa, kisha kikavu mara moja. Jiki siruhusu iingie stoo: inaivua mbao mafuta yake na kuiacha na nyuzi zinazochoma kiganja.

Miguu ni chuma, imechomelewa na jirani yangu fundi vyuma. Kitako chake nilitaka kiwe na urefu wa sentimita 60, yeye akaona nazidisha gharama. Tulisimamisha mguu wenye kitako cha sentimita 40, nikauegemea kidogo tu, ukaja nao mpaka chini. Hakubisha tena. Chini ya kitako tulifunga vipande vya tairi, vilivyokatwa na mzee anayeuza katambuga sokoni, anayejua kuipasua tairi kwa kisu hadi iwe nyembamba kama ngozi ya ngoma. Raba ile haitelezi kabisa, lakini inaacha michirizi myeusi sakafuni, na mwenye ukumbi analalamika. Kwa hiyo chini ya tairi tunagundisha soli za kandambili kuukuu. Huliwa upesi na kila muhula tunabadilisha, ila sakafu inabaki safi.

Boliti ndizo zinazonikosesha usingizi. Kila moja nimeipiga mstari mwembamba wa rangi nyekundu unaoanzia kwenye nati hadi kwenye chuma. Mstari ukikatika, nati imezunguka, hata kama ukiitikisa stendi inaonekana imara. Watoto wananijua: Jumamosi kabla ya darasa nainama na spana namba 13 napita mstari kwa mstari, na siku hizi wapo wanaoniita kabla sijafika, “Babu, huku umekatika!” Mtoto asiyeogopa kuegemea reli anacheza vizuri zaidi, na kutokuogopa huko kuna mtu lazima akufanyie kazi.

Basi ukaja mjadala wa stoo, na hapo ndipo nilipogombana na watu wengi. Wengi wetu tumezoea kwamba kutunza ni kufungia. Kifaa kipya kikifika shuleni kinavikwa nailoni, kinapigwa kufuli, ufunguo unakaa kwa mtu mmoja ambaye siku ya darasa yuko safarini Dodoma. Niliitwa siku moja kwenye taasisi fulani, nje ya mkoa wetu, wakitaka niwatengenezee reli walizokuwa wameletewa kutoka ng’ambo. Zilikuwa zimepita masika nzima ndani ya nailoni, zimesimamishwa kuegemea ukuta wa tofali. Jasho la mbao lilikuwa limegeuka ukungu, chuma kimechimbika kutu kwenye maungio, na reli zenyewe zimepinda kama upinde. Hakuna mtoto aliyekuwa amezishika.

Wakubwa wenzangu wanakumbuka kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia kikitarajiwa kutoa jozi milioni nne kwa mwaka. Hakikufikia hata moja ya kumi ya lengo hilo. Sababu ni nyingi na wachumi wameziandika, lakini iko moja ambayo seremala anaielewa bila kuelezwa: lilikuwa jengo la kuta za alumini, lisilo na njia za kupitisha hewa, katika joto letu hili. Nikiingia stoo yoyote, swali langu la kwanza ni hilo hilo, hewa inaingilia wapi na inatokea wapi.

Stoo yetu ya ukumbini ni chumba kidogo chenye paa la bati. Nilitoboa ukuta juu na chini, nikaweka nondo na wavu wa panya. Reli tunazitoa kwenye miguu na kuzilaza kwenye vishikio vitatu vilivyonyooka kwa pima maji, kwa sababu ukiziegemeza ukutani zitaufuata ukuta, na vishikio viwili tu vitaziacha zining’inie katikati. Rafu yenye vishikio hivyo iko mbali na ukuta kiasi cha kupitisha ufagio, ili njia ya mchwa ionekane ikianza tu. Juu tunafunika turubai la pamba, si nailoni, maana turubai linazuia vumbi na bado linapumua. Machi, mawingu yakianza kukaa juu ya milima ya Uluguru kuanzia asubuhi, nazitoa zote barazani kivulini zipigwe upepo. Ngoma tunazihifadhi chumba hicho hicho lakini juu zaidi.

Mwaka huu shule moja ya Mvomero iliniagiza stendi nane. Nilikwenda kwanza kuona zitakapolala. Walinionyesha chumba kizuri, kimepakwa rangi, dirisha moja lililozibwa kwa tofali kwa kuhofia wezi. Nikawaambia sipokei malipo ya awali mpaka dirisha lizibuliwe na liwekwe nondo. Mkuu wa shule alicheka, kisha akanitazama na kuona sitanii. Walimwita mwashi wiki ile ile. Juni, mvua zilipokwisha, tulizipakia stendi kwenye kenta, na nilikaa kule hadi jioni nikiwafundisha wasichana wawili wa kidato cha pili kusoma mistari myekundu na kushika spana.