Kamati ipo, lakini mtoto yuko mlango gani?

Haya wadau, mwenzenu nimerudi chuo. Najua nimeadimika, na kuna mmoja wenu alinitumia ujumbe akiuliza kama nimeliwa na viboko wa Katuma. Sijaliwa. Nilikuwa fildi nyumbani Sitalike. Usiku huu mwenzangu wa chumba amelala, bumu bado halijaingia, usingizi haupo, basi nimeona niandike hili kabla sijaanza ripoti ya fildi, maana kule itabidi nitumie lugha ya suti na tai.

Kwa msiopajua, Sitalike ni kijiji cha barabarani kusini mwa Mpanda mjini, palepale kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Basi la Sumbawanga likishapita kwetu linaingia hifadhini, na abiria wanaanza kupigana na mbung'o. Halmashauri yetu ni Nsimbo. Mkoa wenyewe ni mdogo kiumri, ulimegwa kutoka Rukwa mwaka 2012. Kiangazi maji ya mto yakipungua, viboko wanasongamana kwenye dimbwi moja la matope, wamelaliana, wanakoroma, hakuna anayekwenda popote. Mfano huo ushikeni, nitaurudia.

Fildi yangu ilikuwa kwenye ofisi moja huko mkoani kwetu, siitaji. Kazi kubwa niliyopewa ni kuandika muhtasari wa vikao vya kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto. Nilifurahi, jamani! Nikajiona na mimi sasa niko serikalini.

Kamati hizi hazikuzuka tu. Mwaka 2009 ulifanyika utafiti wa taifa kuhusu ukatili kwa watoto, matokeo yakatoka 2011: karibu wasichana 3 kati ya 10 walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwa wavulana ni kama 1 kati ya 7. Wizara zikashtuka, kila moja ikatoa ahadi zake. Shida ikawa mipango mingi mno, kila mpango na kamati yake. Ndipo ukaja MTAKUWWA, yaani Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili dhidi ya Wanawake na Watoto, wa mwaka 2017/18 hadi 2021/22. Huo uliunganisha mipango minane kuwa mmoja, na kamati zikawa mnyororo mmoja kutoka taifa, mkoa, halmashauri, kata, mpaka kijiji. Awamu ya pili imeanza 2024/25. Darasani tuliufundishwa kama mfano mzuri wa uratibu, na mimi niliukariri vizuri tu.

Na kwetu Katavi kuna sababu ya kuuhitaji. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulionyesha kwamba katika kila wasichana 100 wa miaka 15 hadi 19 mkoani, 45 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Hakuna mkoa uliotuzidi. Taifa zima lilikuwa na 27. Mwaka 2022 tukashuka hadi 34, taifa 22. Tumeshuka, ndiyo, lakini bado ni msichana mmoja katika kila watatu. Mimi namba hizo siwezi kuzisoma kama namba, maana benchi nililokalia darasa la saba tulikuwa watatu.

Basi vikao. Mnakaa chumba kimoja: mtendaji, mwalimu, askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, mhudumu wa afya, shehe, mchungaji, na wawakilishi wa watoto ambao wanaulizwa jambo mwishoni kabisa wakati soda zimeshafunguliwa. Masuala yanasomwa bila majina, kwa kutunza siri, na hilo ni sahihi. Watu wanasikitika kwelikweli. Halafu mwenyekiti anasema maneno ambayo mimi niliyaandika kwa mwandiko wangu mzuri: "Suala lipelekwe ngazi husika." Tukamaliza, tukasali, tukaondoka.

Jumamosi moja nikaenda kwa mama mdogo. Binti yake, ambaye kwangu ni mdogo wangu wa damu kabisa, ana miaka 17. Aliacha shule akiwa kidato cha pili kwa sababu ya ujauzito, na sasa mtoto ana miezi minane. Tulikuwa tunapepeta mchele. Akaniambia anataka kurudi shule.

Mwenzenu nikapanda jukwaani. Nikamweleza kwamba tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wasichana waliojifungua warudi kwenye shule za kawaida, kwamba waraka upo, na kwamba kamati ipo!

Akacheka. Kicheko kile sikukipenda.

"Dada, hayo yote najua. Nimeshayatembelea."

Akanihesabia milango kwa vidole. Wa kwanza shule. Hawakumkataa, walimwambia alete barua ya utambulisho. Mlango wa pili ofisini: mwenye muhuri kasafiri, rudi wiki ijayo. Aliporudi barua ikaandikwa, akaambiwa ipitie ustawi wa jamii. Wa tatu, ustawi, mjini Mpanda. Ofisa alikuwa mpole, foleni ndefu, akamuuliza aliyempa mimba ni nani na kama kesi ipo polisi. Wa nne, polisi, wakataka uthibitisho wa umri na kadi ya kliniki. Cheti cha kuzaliwa hana. Wa tano, kliniki, kadi ilipatikana, ila nesi alimuuliza habari nzima mbele ya kina mama waliokuwa kwenye benchi. Nauli ya safari hizo mama mdogo aliuza madebe mawili ya mahindi.

"Nimesimulia mara tano," akasema. "Na wote walikuwa wanaandika. Kwani dada, makaratasi yao hayajuani?"

Nilikosa jibu. Nikaendelea kupepeta.

Sasa angalieni, maana hapa ndipo niliposhindwa kulala. Hakuna mlango hata mmoja uliokosea! Shule kutaka barua ni utaratibu. Polisi kuulizwa kuhusu mhusika ni lazima, maana tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, anayempa mwanafunzi mimba anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Umri lazima ujulikane. Kila mmoja alifanya kipande chake. Ila hakukuwa na mtu ambaye kipande chake ni yeye, huyu binti, kutoka mlango wa kwanza hadi wa mwisho. Kazi ya kuunganisha serikali alipewa mtoto wa miaka 17 mwenye mtoto mgongoni.

Jumatatu nikafungua faili la mihtasari. Nikaikuta. Kikao cha pili tangu nifike, agenda ya tano: msichana, miaka 17, aliacha shule kidato cha pili, ana mtoto mchanga, anaomba kurudi. Na chini yake, kwa mkono wangu mimi: suala lipelekwe ngazi husika.

Ilikuwa ni yeye. Nilimwandika nikampita.

Nikahesabu. Maneno hayo yalikuwa yameandikwa mara kumi na moja katika vikao vitatu. Hiyo "ngazi husika" nani? Si tulikuwa wote mle chumbani? Mwalimu alikuwepo, askari alikuwepo, afya ilikuwepo. Viboko kwenye dimbwi moja.

Nikamfuata mama mmoja mhudumu wa afya ya jamii, mtu mzima, mjumbe wa siku nyingi. Shikamoo, marahaba, nikamwonyesha. Hakunilaumu. Akasema, "Mwanangu, kamati inashauri. Mguu haina. Mguu ni mtu." Kisha akatuma mtoto dukani kununua kaunta buku. Tukapiga mistari: namba ya suala (jina halimo), nini kinatakiwa, nani anakibeba, mpaka lini. Akasema daftari hilo lisomwe kabla ya agenda ya kwanza, na kila aliyeandikwa ajibu mbele ya wenzake.

Mwenyekiti alikubali, ingawa kuna waliosema tunaongeza makaratasi. Suala la mdogo wangu akalibeba mama yule mwenyewe. Aliandika maelezo mara moja, ukurasa mmoja, akampelekea kila ofisi nakala ndani ya bahasha, akasema swali lolote aulizwe yeye. Binti hakusimulia tena. Siku kumi na mbili, nauli mara moja.

Haya, turudi darasani kidogo. Wenzetu Kenya, Sheria ya Watoto ya 2001 iliunda baraza la taifa la kusimamia na kuratibu huduma za watoto na kuishauri serikali, na sheria mpya ya 2022 imelibakiza, na chini yake zipo kamati za ushauri kwenye kaunti. Sisi tuna mnyororo wetu wa kamati, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi kwamba kulinda ustawi wa mtoto ni wajibu wa serikali ya mtaa alipo. Kwa hiyo vyombo vipo. Lakini wasomi wenzangu, tunapoandika tasnifu tunapenda kuchora visanduku na mishale. Mshale haupandi basi la kwenda Mpanda. Kabla hatujapendekeza kamati nyingine, tuulize iliyopo ni nani anaondoka na jina la mtoto mfukoni kikao kikiisha.

Na kuna jingine linaloniumiza kichwa. Mwakani mdogo wangu anatimiza 18. Kisheria si mtoto tena, anakuwa kijana. Sera ya Maendeleo ya Vijana ya 2007 ilihesabu kijana kuanzia miaka 15 hadi 35. Sheria ya Baraza la Vijana Bunge lilipitisha tangu 2015, lakini baraza lenyewe likachelewa miaka kuundwa. Je, daftari letu la kaunta litamfuata huko, au ataanza upya, mlango wa kwanza?

Aliyempa mimba alishahama kijiji. Suala hilo lina mstari wake kwenye daftari, na anayelibeba ni askari. Nilipoondoka lilikuwa bado halijajibiwa. Masuala mengine manne nayo bado. Sitaki kuwadanganya kwamba daftari ni dawa.

Ila shule imempokea mdogo wangu, anaanza Januari. Sketi imeshashonwa. Juzi alinitumia ujumbe: "Dada, mtoto atabaki na mama, ila mama naye ana shamba. Hilo nalo liandikwe kwenye daftari?"

Nimemwambia liandikwe.

Mkiwa na mtoto jirani ambaye mnaona mambo hayaendi, namba ya simu kwa mtoto ni 116, haina malipo. Na mliokuwa fildi kwenye halmashauri zingine, niambieni, kwenu ile "ngazi husika" mliwahi kuiona kwa macho? Mimi nakimbilia kitandani, kesho nina kipindi cha saa moja asubuhi. Tupo pamoja.