Ujira wa Mjuzi wa Ziwa

Sisi tukaao Chanji, pale Sumbawanga, tumo juu ya uwanda wa Ufipa. Atakaye kuvua kwa mshipi hana budi ateremke kupitia Matai hadi Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika.

Huko tulipatana na mzee mmoja mvuvi, ujira wa siku nzima (wala haukuwa mdogo): mtumbwi wake, pamoja na ujuzi wake wa mahali wapitapo migebuka na kuhe. Ndoana zangu nilizivisha manyoya ya jogoo, maana samaki hao huwinda samaki wadogo.

Kulipokucha, upepo wa kusini-mashariki, ule uvumao Mei hadi Septemba, ulikwisha kuyachafua maji. Mzee akaukokota mtumbwi mchangani.

“Mwanangu, leo hatuingii.”

Mwenzangu akaninong'oneza tumlipe nusu, kwani hatukupata hata dagaa. Nilikataa. Ziwa lile hufikia kina cha meta 1,470, nami nina watoto wanne nyumbani. Tulichokodi ni macho yasomayo maji. Kasia hata kijana angepiga.

Mzee alizipokea fedha zote, akazihesabu mara mbili, kisha akamtuma mjukuu wake atuletee migebuka mikavu ya kupeleka Chanji.