Nyumba Njema si Mlango

Wahenga wetu walinena kwamba nyumba njema si mlango, wakamtaka msikilizaji afungue aingie ndani. Methali hii hutumiwa sana kuwaonya vijana wasidanganywe na sura ya mtu. Sisi leo twapenda kuirudisha ilikotoka, yaani kwenye nyumba yenyewe, tuzitazame kuta zake, sakafu yake, na vile vilivyotandikwa na kutundikwa humo. Utamaduni wa taifa haukai katika ngoma na mashairi peke yake. Hukaa pia katika rangi ya ukuta ambao mtoto huuona kila aamkapo, na katika mkeka ambao mguu wake huukanyaga kabla haujakanyaga kitu kingine.

Siku hizi wapambaji wa nyumba mijini huzisifu sana rangi zilizopoa: nyeupe isiyong'aa, rangi ya mchanga, rangi ya majivu, rangi ya udongo. Huvisifu pia vitu vyenye mguso, kama vile nyuzi nene, majani makavu yaliyosukwa, na mbao zisizopakwa kitu. Vijana wengi huyapokea mambo haya kuwa ni mtindo mpya uliotoka ng'ambo, na huyanunua kwa bei kubwa. Hatukatai kwamba ng'ambo nako wako waliofikia fikira hiyo kwa njia yao wenyewe. Lakini yafaa tuulize: je, hapa petu hapakuwa na kitu?

Tuanze na lugha, maana lugha ni shahidi mzuri. Katika Kiswahili ziko rangi tatu tu ambazo majina yake ni vivumishi vya asili vyenye kuchukua viambishi vya ngeli, nazo ni -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine tumezipa majina kwa kuzifananisha na vitu. Kijivu kimetoka kwenye jivu, kahawia imetoka kwenye kahawa, na manjano ni kile kiungo cha jikoni. Tena twasema rangi ya udongo, rangi ya maziwa, rangi ya ugoro, na mtu huitwa maji ya kunde. Ukimwuliza bibi yako rangi ya kitu, hakupi jina tupu; hukuonyesha kitu kingine ulichokwisha kukishika. Asemaye jivu ameutaja na ulaini wake, na asemaye udongo ameutaja na ubaridi wake. Basi watu waliotunga majina hayo walikuwa wakiziona rangi kwa macho na kwa vidole pamoja.

Sasa tuingie ndani. Katika miji yetu ya kale ya pwani, tangu Kilwa hata Lamu, nyumba za mawe zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hiyo ilipatikana kwa kuyachoma mawe katika tanuri la magogo mpaka joto lifikie kiasi cha nyuzi 900 za sentigredi. Mawe yaliyoiva yakitiwa maji huchemka yenyewe bila ya moto, kisha huvunjika yakawa unga mweupe. Unga huo ukilowekwa na kupakwa ukutani, huvuta hewa ya ukaa iliyomo angani, na taratibu hugeuka kuwa jiwe tena. Wanafunzi wa kemia wanaweza kuyaandika mabadiliko hayo ubaoni. Mafundi wetu waliyajua kwa mikono.

Weupe wa chokaa si weupe wa karatasi. Hauna mng'ao, na hubadilika kufuata saa. Asubuhi huelekea samawati, adhuhuri huwa kama maziwa, na taa ikiwashwa hugeuka rangi ya asali. Juu yake zilipita boriti za mikoko, nyeusi au za kahawia, zimepangwa kama mistari ya daftari. Na kwa kuwa boriti hizo hazikuweza kuvuka nafasi kubwa kupita mita tatu hivi, vyumba vilikuwa virefu na vyembamba. Hivyo msitu wa mikoko ndio uliopima chumba cha Mswahili.

Katika nyumba za Lamu za karne ya 18, chumba cha ndani kilichongwa ukutani zidaka, safu juu ya safu, zote za chokaa nyeupe. Humo ziliwekwa sahani na bakuli za Kichina. Ukuta ulinyamaza ili sahani moja ya buluu ipate kusema. Katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Nasir alipotaka kuonyesha ukiwa wa majumba ya Pate, aliyataja pia madaka hayo yaliyobaki bila sahani zake. Alijua kwamba msomaji wake angeielewa nyumba kwa kuutazama ukuta wa ndani.

Isidhaniwe kuwa jambo hili ni la pwani tu. Msomaji afikaye Dar es Salaam na akazuru Kijiji cha Makumbusho, kilichofunguliwa mwaka 1967, ataona nyumba za makabila mbalimbali ya bara zilizojengwa kwa fito, miti, nyasi na udongo. Mle ndani rangi ni zile zile za ardhi: udongo mwekundu, udongo wa kijivu, kahawia ya nyasi zilizokauka, na weusi wa moshi juu darini. Mama akandikaye ukuta huacha alama za kiganja chake katika udongo, na alama hizo ndizo pambo. Sakafu husiribwa kwa udongo na samadi ya ng'ombe, ikakauka ngumu na laini, isiyotimka vumbi.

Na juu ya sakafu, mkeka. Kuti changa la mkindu hukatwa kabla halijafunuka, likaanikwa, likachanwa miyaa. Miyaa husukwa ukili, utepe mrefu mwembamba. Kisha ukili hushonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka utimie. Kazi hii huchukua majuma, na hufanywa barazani wakati wa mazungumzo. Mkeka mpya una rangi ya kijani iliyopauka. Baada ya miezi huwa rangi ya nyasi, na ukizeeka huwa rangi ya asali. Kwa kuwa mgeni wetu huvua viatu mlangoni, mkeka husomwa kwanza kwa nyayo. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini nyumba zetu zilijali mguso kuliko mng'ao, na aanze hapo mlangoni penye viatu.

Hayo yote twayasema leo kwa wepesi, lakini ulikuwako wakati tuliyadharau, na hatuna budi kukiri. Marehemu mama yetu alikaa Pangani, katika nyumba ya mawe aliyoirithi. Mwaka 1996, tulipopata cheo kidogo kazini, tuliona haya kwamba mama wa mtumishi wa serikali akae katika kuta za chokaa zilizopauka. Tukaleta mafundi, wakaibandua chokaa, wakapiga lipu ya saruji, wakapaka rangi ya mafuta ya kijani iliyokoza yenye kung'aa kama kioo. Sakafuni tukatandika kapeti la mpira lenye maua mekundu. Mama alitushukuru na kutuombea dua. Hakusema neno lingine.

Mwishoni mwa mwaka 1997 zikaja mvua za El Niño, zikaendelea hata mwaka uliofuata. Njia zilipopitika tulikwenda Pangani bila kutuma habari. Tulibisha hodi, na kabla ya kukaribishwa tukasikia kishindo cha kitu kikikunjwa upesi. Tulipoingia, tulimkuta mama ameinama akisukuma mkeka wake wa zamani chini ya kitanda. Tukamwamkia. Aliitika huku akitazama chini, kama mtoto aliyefumaniwa. Ndipo tulipofahamu kwamba kwa muda wote ule alikuwa akitandika mkeka juu ya lile kapeti, na kila tulipomwandikia kwamba tunakuja, aliuficha. Tulipomwuliza sababu, alisema, "Nyayo zangu hazijauzoea huu mpira, mwanangu. Lakini sikutaka uone nimekirudisha kitu chako."

Kuta nazo zilikuwa zimeumuka. Rangi ilivimba malengelenge, na nyuma yake ukungu mweusi ulipanda kutoka chini hata usawa wa kiuno. Mama alikuwa akikohoa usiku. Tukamwita fundi mzee wa pale mjini. Alibisha ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema, "Mwanangu, ukuta huu mmeuziba pua." Akatueleza kwamba maji hupanda kutoka ardhini katika kila ukuta wa matumbawe, na chokaa huyaacha yatoke, saruji na rangi ya mafuta huyafungia ndani, nayo huuharibu ukuta polepole. Uwezo wetu wakati huo ulitosha chumba kimoja tu. Mwaka 1999 tulibandua saruji katika chumba cha mama, tukarudisha chokaa, tukaondoa kapeti. Mama akautandika mkeka wake mchana, mlango wazi. Alifariki mwaka 2003, katika chumba hicho.

Yawezekana msomaji atatupinga. Atasema kwamba Waswahili hupenda rangi kali, na atatutajia kanga, mikeka ya Pemba iliyotiwa rangi, na milango yenye nakshi. Naam, atakuwa amesema kweli. Lakini na atazame kanga nyekundu ilipotundikwa: imetundikwa mbele ya ukuta mweupe. Rangi kali ilikuwa ya kitu kivaliwacho, kitandikwacho na kukunjwa. Ukuta ulibaki mtulivu ili ustahimili kanga zote.

Mwingine atasema kwamba twataka watu warudi kwenye tanuri na msumeno. La hasha. Leo twajua kwamba matumbawe ni makazi ya samaki, na mikoko ni ngome ya pwani dhidi ya mawimbi. Kuyavunja na kuikata kiholela ni kula mbegu. Tena tanuri la magogo hula kuni nyingi. Lakini chokaa hupatikana pia kwa mawe ya chokaa ya nchi kavu, udongo wa rangi upo karibu kila wilaya, na mkindu hukatwa kuti moja likachipuka jingine. Na mwenye nyumba ya matofali ya saruji, asiyeweza kuubadilisha ukuta wake, anaweza kuupaka rangi iliyopoa, akatandika mkeka, akatundika ungo na kawa ukutani. Nyumba itamjua mwenyewe.

Twawaomba basi walimu na wanafunzi wafanye jambo moja dogo. Kila mwanafunzi na amwendee mzee mmoja wa kwao, amwombe majina: majina ya rangi za udongo, majina ya namna za kusuka ukili, majina ya nyasi za kuezekea. Ayaandike katika daftari, na kando ya kila jina abandike kipande cha kitu chenyewe, ili atakayesoma baadaye aguse. Wajuao majina hayo wanapungua kila mwaka. Sisi tulichelewa kumwuliza mama majina ya aina za ukili uliomo katika mkeka wake. Mkeka twao hata leo, umekuwa rangi ya asali; twautandika wageni wajapo, wala hatuufichi.