Alishinda au alishindwa?

Kampasini kwetu Kasapa kuna mabishano yasiyo na mwisho. Yale ya Mazembe na Lupopo siyagusi, maana nataka kumaliza masomo yangu kwa amani. Lakini mwezi uliopita, tukimsubiri mwalimu wa somo la saa nane, yalizuka mengine: kati ya filamu zote za Rocky, ipi inashika nafasi ya kwanza?

Kila mmoja alikuwa na yake. Wa kwanza alitaja ya nne, ya mwaka 1985, Rocky anapokwenda Umoja wa Kisovyeti kupigana na Ivan Drago, akipasua kuni na kupanda mlima wenye theluji huku mwenzake akifanya mazoezi kwa mashine. Wa pili alitaka ya tatu, ya 1982, ile ambayo kwa Kifaransa inaitwa L'Œil du tigre, kwa ajili ya muziki wake tu, na hakuona haya kusema hivyo. Dada mmoja alitetea Creed ya mwaka 2015, akisema kwamba Rocky mzee na mgonjwa anamgusa kuliko Rocky kijana. Ya tano haikupata mtetezi. Mimi nilitaja ya kwanza kabisa, ya 1976, wakacheka: hiyo ni ya wazee, pambano lenyewe linakuja baada ya saa nzima na zaidi! Mwalimu akaingia kabla sijajibu. Jibu langu ni refu, ndiyo maana naliandika hapa.

Niliiona mara ya kwanza nikiwa na miaka minane, nyumbani kwetu katika komine ya Kenya. Ilikuwa DVD moja yenye filamu sita ndani yake, za aina ile iliyouzwa sokoni kwa bei ya mkate. Maneno yalikuwa ya Kifaransa. Kifaransa changu wakati ule hakikuvuka salamu za darasani. Papa alikijua, lakini masikio yake yalikuwa yameharibiwa na miaka ya kufanya kazi karibu na mashine. Kwa hiyo yaya wangu, mwenye miaka kumi na saba, ndiye aliyekuwa mkalimani. Alikaa kati yetu, akatueleza kila kitu kwa sauti kubwa, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi, hata majirani waliokuwa uani waliifuata filamu bila kuiona.

Nyumba yetu ilikuwa ya ndondi. Papa alikuwa mtoto tarehe 30 Oktoba 1974, Muhammad Ali alipomwangusha George Foreman katika raundi ya nane kule Kinshasa. Pambano lilipigwa saa kumi alfajiri ili Wamarekani walione jioni yao. Kwetu Lubumbashi ilikuwa imekwisha kuwa saa kumi na moja. Papa alisimulia alfajiri ile kama mtu aliyekuwepo uwanjani, ingawa alikuwa kando ya redio ya jirani. Akimaliza Ali, alianza Sumbu Kalambay, mzaliwa wa mji wetu, aliyehamia Italia, akawa bingwa wa dunia wa WBA wa uzito wa kati mwaka 1987, na mwaka uliofuata akampiga Mike McCallum ambaye hakuwa amewahi kupigwa na mtu. Yaya alikua na majina hayo masikioni. Alipofikisha miaka kumi na tano aliingia klabu ya ndondi ya mtaani, na Papa akamnunulia glavu kwa pesa ambazo Mama alikuwa amezipangia kazi nyingine.

Wiki mbili kabla ya siku ya DVD, yaya alipigana pambano lake la kwanza la maana, akapigwa kwa pointi. Hakuanguka hata mara moja. Alirudi nyumbani uso umevimba. Papa aliuliza neno moja, "Ulishinda?", akajibiwa neno moja, "Nilishindwa." Tangu siku ile ndondi hazikutajwa tena wakati wa chakula.

Mwisho wa filamu mnaukumbuka. Kengele imelia, watu wamejaa ulingoni, waandishi wanamsukumia Rocky maikrofoni, naye hana habari nao, anamwita Adrian tu. Uamuzi wa majaji unasomwa nyuma ya kelele zile, na asiyetega sikio unampita. Papa alimgeukia yaya: "Alishinda?"

Yaya akajibu: "Alishinda, Papa."

Nilikua na neno hilo. Miaka ikapita, nikafika mwaka wa mwisho wa sekondari, nikaanguka Examen d'État. Papa alikuwa tayari mgonjwa. Aliniita kando ya kitanda, akaniambia nimkumbuke Rocky, mtu asiye kitu, aliyekuwa akikusanya madeni ya mkopeshaji wa mtaani, akapewa nafasi moja tu, akashinda. Alitaka kunitia nguvu. Mimi nilisikia kitu kingine. Rocky alipata nafasi moja akashinda. Yaya alipata moja akashindwa. Nami nilipata moja nikashindwa. Basi hadithi ile ilikuwa ya watu wengine, haikuwa ya nyumba yetu. Nilikaa miezi mingi bila kugusa daftari. Mwaka uliofuata nilirudia mtihani, nikapita, lakini Papa alikuwa amekwisha kutuacha.

Nikiwa mwaka wa pili hapa kitivoni, niliitazama filamu tena, peke yangu, kwenye simu, vipaza sauti vikiwa masikioni. Safari hii nilisikia. Majaji waligawanyika, na ushindi ukaenda kwa Apollo Creed. Nilirudisha nyuma mara tatu, nikidhani Kifaransa changu ndicho kinachonidanganya.

Kisha nikaianza upya, na ikawa filamu nyingine. Usiku wa kuamkia pambano, Rocky anakwenda ukumbini peke yake. Anakuta picha yake kubwa imechorwa na kaputula ya rangi isiyo yake. Anamwambia mwandaaji wa pambano, naye anajibiwa kwamba hilo halina uzito. Anarudi nyumbani, anajilaza kando ya Adrian, anakiri kwamba hawezi kumpiga Creed. Anachotaka ni kuwa bado amesimama kengele ya raundi ya kumi na tano itakapolia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufika huko na Creed. Ukiwa umeambiwa kwamba Rocky alishinda, kipande hicho hakina kazi; ni woga wa muda tu kabla ya shangwe. Ukijua kwamba alishindwa, kipande hicho ndicho kinachobeba filamu nzima. Mtu alitaja kipimo chake mapema, gizani, mbele ya mtu mmoja, kisha akakifikia mbele ya watu wote, na mkanda ukaenda kwa mwingine.

Nilijifunza pia jambo ambalo lingemfurahisha Papa. Baada ya Kinshasa, mtu wa kwanza kupewa nafasi ya kumvua Ali mkanda alikuwa Chuck Wepner wa New Jersey, mwanandondi aliyekuwa pia akiuza pombe ili apate kuishi. Tarehe 24 Machi 1975, katika jimbo la Ohio, Wepner alimpeleka Ali chini katika raundi ya tisa, akavumilia hadi ya kumi na tano, na refa akasimamisha pambano zikiwa zimebaki sekunde 19. Sylvester Stallone, mwigizaji asiye na pesa wakati ule, aliliona pambano hilo, akaandika Rocky kwa siku chache tu. Kama Ali asingeondoka kwetu na mkanda, Wepner asingekutana naye usiku ule kama bingwa. Kwa hiyo filamu ile ni mjukuu wa Kinshasa. Tena tazameni alichofanya Stallone: Wepner alipungukiwa na sekunde 19, naye akampa Rocky sekunde hizo. Mkanda hakumpa.

Jumamosi moja nilikwenda Katuba, ambako yaya ana karakana ndogo ya kuchomelea vyuma.

"Yaya, mbona ulitudanganya? Rocky alishindwa."

Hakuuliza Rocky yupi. Alivua miwani yake ya kazi, akaifuta.

"Nilisema nini?"

"Ulisema alishinda."

"Njo vile. Alishinda mule ndani mupaka kengele. Weye njo mwenye kusoma maneno, si miye."

Tulicheka wote wawili. Kisha akanyamaza, akaigeuzageuza miwani mkononi. "Mudogo, ile saa Papa hakuangalia televizyo. Aliniangalia miye. Singeweza kusema lile neno mara mbili mu nyumba moja."

Nilirudi kampasini nikiwaza juu ya herufi moja, w, inayotenganisha *alishinda* na *alishindwa*. Yaya alikuwa ananitania, lakini utani wake una mizizi. Jioni nikifika nyumbani, Mama anatuuliza, "Mulishindaje?" Haulizi kama tumempiga mtu. Anauliza jinsi tulivyoipitisha siku. Tunasema fulani ameshinda shambani, fulani ameshinda hospitali akimuuguza mtoto. Anayeshinda njaa hajaishinda njaa. Amekaa nayo kutoka asubuhi mpaka jua kuzama. Walimu wetu wa leksikolojia watatuambia kama hapo tuna kitenzi kimoja au viwili vyenye sura moja. Mimi naona tu kwamba Kifaransa kingemlazimisha yaya kuchagua kati ya kusema kwamba mtu amepata ushindi na kusema kwamba mtu amekaa mahali siku nzima. Kiswahili kilimwachia mlango wazi, akapita. Naye Rocky, kwa maana ile ya pili, alishinda ulingoni kuliko mtu yeyote aliyepigana na Creed kabla yake.

Hata hivyo siwezi kumpa yaya alama zote. Neno lake lilikuwa kweli kwa maana moja, na Papa alilisikia kwa maana nyingine, na yaya alijua hivyo. Tafsiri ile ilituliza nyumba usiku mmoja, kisha ikatugharimu. Papa angeweza kuona kwenye televisheni kijana aliyepigwa kwa pointi bila kuanguka, akamtazama mwanawe aliyekaa kando yake. Nami, miaka ile mibaya ya mtihani, ningekuwa na hadithi ya mtu aliyeshindwa na bado akastahili kusimuliwa. Mkalimani akiondoa kushindwa kwa huruma, anamnyima msikilizaji kitu ambacho huenda alikuwa akikihitaji kuliko sisi wote.

Hilo ndilo linalonifanya nichague ya kwanza. Angalieni zile zinazodumu katika mfululizo huu. Mwaka 1976 Rocky anashindwa na Creed. Mwaka 2006, akiwa mjane mwenye mgahawa, anarudi ulingoni dhidi ya Mason Dixon, anashindwa. Mwaka 2015 Adonis, mwana wa Apollo Creed, anapigana na Ricky Conlan kule Liverpool, anashindwa. Mara zote tatu majaji wanagawanyika, na mara zote tatu unatoka ukiwa na mtu moyoni. Katika ya pili, ya tatu na ya nne Rocky anashinda kwa kumwangusha mwenzake, nasi tunatoka tukirusha ngumi hewani. Sisemi ni mbaya. Hata mimi nimezirusha. Ila kesho yake, mtihani ukiwa umekataa au pesa ya chakula imekwisha, hazina la kukuambia. Hata Kalambay wetu, mwaka 1989, aliangushwa na Michael Nunn katika raundi ya kwanza, kisha akarudi kuwa bingwa wa Ulaya. Papa hakutusimulia sehemu hiyo hata siku moja. Natamani angeisimulia.

Krismasi iliyopita tulikuwa nyumbani, Mama, yaya na mimi. Yaya alileta filamu, akaniambia, "Leo weye njo mukalimani." Nikakaa katikati. Mama, ambaye miaka ile alikuwa jikoni wakati sisi tukitazama, aliifuata yote bila kusinzia. Kengele ya mwisho ikalia, watu wakajaa ulingoni.

"Alishinda?" akauliza.

Yaya aliangalia chini.

"Alishindwa, Mama. Kwa pointi. Lakini alifika kengele ya mwisho akiwa amesimama."

Mama hakujibu. Alikuwa akimtazama Adrian anayepenya kati ya watu, kichwa wazi, kofia yake nyekundu imepotea njiani. Rocky akamkumbatia, akamwambia kitu kwa Kifaransa.

"Na kofia yake iko wapi?" Mama akauliza.

Nikamwambia kwamba Rocky naye ndilo analouliza.